Kingamwili Zinapougeukia Mwili: Kipimo cha Damu cha Ugonjwa wa Udhaifu wa Misuli

Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Usemi huu ulitungwa kwa ajili ya mambo ya watu waishio pamoja, lakini unaeleza vizuri kundi moja la magonjwa ambayo sayansi ya tiba haikuyafahamu barabara hadi karne ya 20. Magonjwa hayo hayaletwi na vijidudu vitokavyo nje, wala na upungufu wa chakula. Hutokea pale ambapo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na maadui waingiao, huanza kushambulia viungo vya mwili ule ule inaoulinda.

Katika makala hii tutaeleza ugonjwa mmoja wa kundi hilo, ambao hudhoofisha misuli, pamoja na kipimo cha damu kinachotumika kuutambua. Swali litakalotuongoza ni hili: tukiikuta kingamwili fulani katika damu ya mgonjwa, tunajuaje kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa? Huenda ilikuwapo tu, kama mpita njia aliyekutwa penye wizi. Jibu la swali hili halipatikani kwa kupima damu peke yake, na ndiyo sababu historia ya kipimo hiki ina mafunzo makubwa kwa kila mwanafunzi wa sayansi.

KINGAMWILI NI NINI?

Msomaji atakumbuka kutoka masomo ya biolojia kwamba chembe nyeupe za damu za aina fulani hutengeneza protini ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili ina umbo linalokaribia herufi Y, na ncha zake mbili za juu zimeumbwa ili zishike kitu kimoja mahususi, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Kitu hicho kinachoshikwa huitwa antijeni. Kingamwili ya surua haishiki virusi vya polio, na ya polio haishiki virusi vya surua.

Mwili una njia za kuziondoa, au kuzinyamazisha, chembe zinazotengeneza kingamwili dhidi ya sehemu zake wenyewe. Njia hizo zikishindwa, kingamwili hushika kitu ambacho hazikupaswa kukigusa. Hapo ndipo ugonjwa wa kinga kujishambulia unapoweza kuanza.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa tunaouzungumzia huitwa miasthenia gravisi, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki na Kilatini yenye maana ya udhaifu mzito wa misuli. Jina hilo lilitolewa mjini Berlin mwaka 1895 na daktari Friedrich Jolly. Hata hivyo dalili zake zilikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1672 daktari Mwingereza Thomas Willis alieleza habari za mwanamke ambaye, baada ya kuzungumza kwa muda mrefu, alipoteza uwezo wa kusema, akaurudia baada ya kupumzika.

Hii ndiyo alama kuu ya ugonjwa: msuli huchoka kwa kutumika, nao hupata nafuu kwa kupumzika. Mgonjwa huamka asubuhi akiwa na nguvu. Ifikapo jioni kope zake zimeanguka, anaona kitu kimoja kuwa viwili, na pengine hawezi kumaliza kutafuna chakula. Wengine huathirika macho tu. Wengine hudhoofika mikono, miguu, koo na shingo. Hatari kubwa ni pale misuli ya kupumua inapoguswa, kwani mgonjwa anaweza kufa asiposaidiwa upesi.

Kwa kuwa udhaifu huja na kuondoka, mgonjwa anaweza kudhaniwa mvivu, au mwenye hila, au mtu aliyerogwa. Mwalimu aonaye mwanafunzi ambaye kope zake huanguka kila alasiri, na sauti yake hufifia asomapo kwa muda mrefu, afadhali ampeleke kwa daktari kuliko kumwadhibu.

MAHALI NEVA INAPOKUTANA NA MSULI

Ili tuelewe kipimo, hatuna budi kutazama mahali ugonjwa unapotokea. Neva haigusani na msuli. Kati yao pana mwanya mdogo sana, wenye upana wa takriban nanomita 50, yaani sehemu moja ya 20,000 ya milimita. Taarifa ya neva inapofika mwishoni, neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hii huvuka mwanya na kushika protini zilizo juu ya utando wa msuli, ziitwazo vipokezi. Kipokezi kikishikwa hufunguka kama mlango, ioni za sodiamu huingia, na msuli hujikaza. Mara moja kimeng'enya kilichopo katika mwanya huvunja asetilikolini ili msuli uwe tayari kwa amri nyingine. Otto Loewi na Henry Dale walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kazi yao juu ya jinsi neva zinavyopeleka taarifa kwa njia ya kemikali.

Neva inapotumwa mara nyingi mfululizo, kiasi cha asetilikolini kinachotolewa kila mara hupungua. Kwa mtu mzima wa afya jambo hili halina madhara, kwa sababu vipokezi ni vingi na kemikali inayotolewa ni zaidi ya mahitaji. Kuna akiba. Lakini vipokezi vikiwa vichache, akiba hiyo haipo: amri ya kwanza hufaulu, ya kumi hufaulu kwa shida, na ya hamsini hushindwa. Hii ndiyo sababu ya uchovu tuliouona hapo juu.

Dalili ya kwanza kwamba tatizo lipo katika mwanya huo ilitokea London mwaka 1934. Daktari Mary Walker aligundua kwamba wagonjwa wa miasthenia hufanana na watu waliopewa sumu ya kurare, ambayo huziba vipokezi vya msuli. Akajaribu dawa iliyojulikana kupinga kurare, yaani fisostigmini. Dawa hii hutoka katika mbegu za mmea wa Calabar, nchi ambayo leo ni sehemu ya kusini-mashariki ya Nigeria, ambako mbegu hizo zilitumika zamani kama kiapo cha sumu kwa watuhumiwa. Fisostigmini huzuia kile kimeng'enya kivunjacho asetilikolini. Kwa hiyo kemikali hudumu zaidi katika mwanya. Kope za mgonjwa ziliinuka na nguvu ikamrudia kwa saa chache. Dawa za ukoo huo, kama vile piridostigmini, zinatumika mpaka leo. Hata hivyo ugunduzi huo ulionyesha mahali pa ugonjwa tu. Haukuonyesha nani aliyeuleta.

KUTOKA DHANA HADI USHAHIDI

Mwaka 1960 daktari wa Uskoti, John Simpson, alitoa dhana kwamba mwili wa mgonjwa hutengeneza kingamwili dhidi ya mahali neva inapokutana na msuli. Alikuwa na sababu za kufikiri hivyo. Wagonjwa wengi walikuwa na kasoro katika tezi ya thimasi, iliyo kifuani, ambayo ni shule ya chembe za kinga. Baadhi yao walikuwa na magonjwa mengine ya kinga kujishambulia. Tena baadhi ya watoto waliozaliwa na mama wagonjwa walikuwa dhaifu kwa majuma machache, kisha wakapona kabisa, kana kwamba kitu fulani kilitoka katika damu ya mama, kikawaingia, kikaisha.

Hizo zilikuwa dalili, si ushahidi. Kikwazo kilikuwa kwamba vipokezi katika msuli wa binadamu ni vichache mno kuweza kutengwa na kuchunguzwa. Msaada ulitoka kwa viumbe wawili wasiotarajiwa. Wa kwanza ni samaki wa umeme, kama vile taa wa umeme wa baharini na mkunga wa umeme wa mito ya Amerika ya Kusini. Viungo vyao vya umeme vina asili ya misuli na vimejaa vipokezi vya asetilikolini. Wa pili ni nyoka wa Asia aitwaye karaiti, wa ukoo mmoja na swila na koboko. Mwaka 1963 wanasayansi Chang na Lee wa Taiwan walitenga kutoka katika sumu yake protini iitwayo bungarotoksini, ambayo hushika vipokezi hivyo kwa nguvu na karibu haiviachi. Ikawa chombo cha kuvitafuta, kuvihesabu na kuvitenga.

Baada ya hapo ushahidi ulikuja kwa hatua nne:

(a) Mwaka 1973 Jim Patrick na Jon Lindstrom, wa Taasisi ya Salk huko California, waliwachoma sungura vipokezi vilivyotengwa kutoka kwa mkunga wa umeme. Shabaha yao ilikuwa kupata kingamwili za kufanyia utafiti. Sungura walitengeneza kingamwili hizo, kisha wakalegea na kushindwa kuinua vichwa. Walipopewa dawa izuiayo kimeng'enya kivunjacho asetilikolini, nguvu ziliwarudia kwa muda. Walikuwa wamepata ugonjwa ule ule.

(b) Mwaka huo huo watafiti wa Baltimore, Marekani, wakitumia bungarotoksini, waliona kwamba misuli ya wagonjwa ina vipokezi vichache sana kuliko ya watu wenye afya.

(c) Mwaka 1975 Klaus Toyka na wenzake walichukua kingamwili kutoka katika damu ya wagonjwa na kuwachoma panya. Panya hao walipungukiwa na vipokezi, na baadhi yao walidhoofika.

(d) Mwaka 1976 madaktari wa London waliwatoa wagonjwa maji ya damu yao yenye kingamwili na kuwarudishia chembe za damu pamoja na maji mengine. Wagonjwa walipata nafuu iliyoonekana wazi kwa muda.

Mwanafunzi aliyesoma kanuni za Robert Koch kuhusu vijidudu ataona mfano wake hapa. Mtuhumiwa amekutwa mahali pa tukio. Alipohamishiwa kwa mnyama, ugonjwa ulimfuata. Alipoondolewa, ugonjwa ulipungua. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba katika miasthenia kingamwili ndiyo yenye kosa. Hufanya kosa hilo kwa njia tatu: huita protini nyingine za damu ziharibu utando wa msuli, huunganisha vipokezi na kuufanya msuli uvimeze upesi kuliko kawaida, na mara nyingine huziba mahali pa asetilikolini.

JINSI KIPIMO KINAVYOFANYWA

Mwaka 1976 Lindstrom na wenzake walitangaza kwamba kipimo chao kilizikuta kingamwili hizo kwa takriban wagonjwa 87 katika kila 100. Msingi wa kipimo hicho ungali unatumika. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, hutayarishwa vipokezi vya binadamu, kutoka katika msuli wa mguu uliolazimika kukatwa hospitalini au katika seli zinazokuzwa maabara. Pili, huongezwa bungarotoksini iliyofungwa iodini nururifu, yaani iodini-125, ambayo nusu-uhai wake ni kama siku 60. Sumu hushika vipokezi, na tangu hapo kila kipokezi kimebeba taa, kwa maana ya miali ya gama inayoweza kuhesabiwa na chombo. Tatu, huongezwa kiasi kidogo sana cha seramu ya mgonjwa, yaani yale maji ya damu yanayobaki baada ya damu kuganda. Kama kingamwili zimo, zitavishika vipokezi hivyo. Sumu haizizuii nyingi kati yake, kwa sababu mara nyingi zinashika upande mwingine wa kipokezi.

Nne, huongezwa kingamwili za mnyama, kama vile mbuzi au kondoo, zenye kushika kingamwili za binadamu. Hizi hufunga vitu pamoja hata vikawa mashapo. Tano, mchanganyiko huzungushwa kwa kasi ili mashapo yatuame, yakaoshwa, na miali yake ikahesabiwa. Vipokezi ambavyo havikushikwa na kingamwili hubaki katika maji na kumwagwa. Kwa hiyo miali iliyobaki katika mashapo ni kipimo cha kingamwili za mgonjwa. Jibu huandikwa kwa nanomoli katika lita moja. Sampuli za watu wajulikanao kuwa wagonjwa, na za wajulikanao kuwa wazima, hupimwa sambamba ili kuhakikisha kwamba kipimo hakidanganyi.

Siku hizi zipo njia nyingine zisizotumia mnururisho. Baadhi hutumia kimeng'enya kinachobadili rangi. Nyingine hutumia seli hai zilizofanywa kubeba vipokezi, kisha zikatazamwa kwa hadubini.

MAANA YA JIBU

Tuanze na jibu la "ndiyo". Kwa ugonjwa huu kipimo kinaaminika sana, kwani ni nadra watu wasio na miasthenia kukutwa na kingamwili hizi. Lakini hata kipimo bora huweza kupotosha kikitumiwa ovyo. Tuchukue mfano wa hesabu tu, ambao mwalimu anaweza kuufanya darasani. Tuseme kipimo hukosea kwa kumwita mzima mgonjwa mara 1 katika 100, nacho huwakamata wagonjwa 80 katika 100. Tuseme pia kwamba katika watu 10,000 wagonjwa ni 2.

Tukiwapima wote 10,000, tutapata majibu ya "ndiyo" kama 100 kutoka kwa wazima, na 1 au 2 kutoka kwa wagonjwa. Karibu kila "ndiyo" itakuwa ya uongo. Sasa tuwapime watu 100 tu, ambao daktari amewachagua kwa sababu kope zao huanguka na misuli yao huchoka, na nusu yao ni wagonjwa kweli. Tutapata "ndiyo" 40 za kweli na, hata tukizidisha, 1 ya uongo. Kipimo ni kile kile, maabara ni ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyepimwa. Hivyo jicho la daktari linalotangulia ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Jibu la "hapana" nalo halimalizi shauri. Takriban wagonjwa 15 katika 100 walioathirika mwili mzima, na karibu nusu ya walioathirika macho tu, hawaonekani na kingamwili hizi. Kwa miaka mingi watu hao waliachwa bila maelezo. Mwaka 2001 watafiti wa Oxford na wenzao waligundua kwamba baadhi yao wana kingamwili dhidi ya protini nyingine ya msuli, iitwayo MuSK, ambayo husaidia kuvikusanya vipokezi mahali pake. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walieleza kingamwili dhidi ya LRP4, protini inayoshirikiana na MuSK katika kazi hiyo. Hapana ya kipimo cha kwanza ilikuwa na maana ya "sikumwona niliyemtafuta", wala si "hakuna aliyekuwapo".

Mwisho, ukubwa wa namba. Mtu mwenye kingamwili nyingi anaweza kuwa na dalili hafifu kuliko mwenye chache. Kingamwili hutofautiana katika sehemu zinayoishika ya kipokezi na katika madhara zinayofanya, na misuli hutofautiana katika uwezo wa kutengeneza vipokezi vipya. Kwa hiyo namba ya mgonjwa mmoja haifai kulinganishwa na ya mwingine ili kujua nani ameumia zaidi.

MHALIFU AU SHAHIDI?

Si kila kingamwili ipimwayo katika magonjwa ya misuli imethibitishwa kwa hatua nne kama hizi. Upo ugonjwa mwingine, wa uvimbe wa misuli, ambamo chembe za kinga huingia ndani ya msuli na kuuharibu. Kwa wagonjwa wake wengi hupatikana kingamwili mbalimbali. Moja iitwayo Jo-1 ilielezwa mwaka 1980. Mwaka 1983 ilifahamika kwamba hushika kimeng'enya ambacho seli zote huhitaji ili kujenga protini, kile kinachounganisha asidi ya amino iitwayo histidini na kibebaji chake.

Kimeng'enya hicho kimo ndani ya seli, mahali ambapo kingamwili ya damu haifiki kwa urahisi. Tena kimo katika seli zote za mwili. Mbona basi misuli na mapafu ndiyo huumia? Hapa haijathibitishwa kwamba kingamwili ndiyo iuayo msuli. Hata hivyo kuiona ni faida kubwa, maana humwonya daktari ayachunguze mapafu mapema, kabla mgonjwa hajaanza kukosa pumzi. Jo-1 basi ni shahidi mwaminifu, hata kama si mhalifu. Tofauti hii ina uzito katika tiba: ukimwondoa mhalifu, uhalifu hupungua, ukimwondoa shahidi, umepoteza habari tu.

UMUHIMU WAKE KWETU

Kipimo hiki si cha kila maabara. Lakini elimu yake inaweza kuokoa maisha hata mahali kisipokuwapo. Baadhi ya dawa zinazotumika katika nchi zetu hupunguza nguvu za taarifa kati ya neva na msuli. Miongoni mwake ni kwinini na klorokwini, zilizotumika sana dhidi ya malaria, pamoja na gentamisini, dawa ya kuua bakteria. Kwa mtu mwenye akiba ya kutosha ya vipokezi, athari hiyo haionekani. Kwa mgonjwa wa miasthenia inaweza kumfikisha mahali pa kushindwa kupumua. Malaria lazima itibiwe, bila shaka; lakini mganga ajuaye ugonjwa wa mtu wake ataweza kuchagua dawa nyingine, au kumweka mgonjwa chini ya uangalizi.

Vilevile daktari asiye na maabara kubwa ana kipimo cha barafu. Barafu iliyofungwa katika kitambaa huwekwa juu ya kope iliyoanguka kwa muda wa dakika 2. Kope ikiinuka waziwazi, miasthenia inashukiwa. Wanafunzi wa biolojia watatambua sababu mojawapo: baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kivunjacho asetilikolini, kama joto na baridi zinavyobadili kasi ya vimeng'enya wanavyovichunguza darasani.

Tumeona kwamba karatasi ya maabara yenye neno "ndiyo" au "hapana" imebeba ndani yake kazi ya samaki, nyoka, sungura, panya na wagonjwa wenyewe. Neno hilo ni zito pale tu ambapo tunajua limethibitishwaje, na nani aliyepimwa, na kwa sababu gani. Walimu wakiwazoeza wanafunzi kuuliza maswali hayo matatu kila waletewapo jibu la kipimo chochote, watakuwa wamewapa chombo kitakachowafaa nje ya maabara pia.